Kutu Kwenye Kipande cha Mwishehe

Jumatatu moja ya masika watu sita tulipanga mstari ndani ya ofisi ya mitihani, mkubwa wa karakana akiwa wa kwanza. Kila mmoja alipewa bamba la chuma lililosuguliwa hadi likang'aa, akaambiwa alishike kwa vidole vitano, ahesabu mpaka ishirini, aliweke mezani na kuondoka. Kisha tukasubiri siku mbili tuone ni bamba la nani litakaloota kutu. Jibu la mabamba yale lilikuwa na uzito. Fundi aliyeendesha mashine ya kukereza chuma kwa miaka kumi na tisa angebaki kuwa fundi, au angerudi kuwabebea vyuma watu aliowafundisha yeye mwenyewe.

Ninyi mnaoshika sasa daftari la maksi mmeniomba niandike mambo niliyoyaona kabla sijayasahau. Habari ya vyeo nitaiacha, maana kila aliyepanda cheo anajua mwenyewe alipandaje. Nitaeleza kazi.

Nilishuka kwenye treni ya kutoka Tabora nikiwa na barua ya mwalimu wa misheni na viatu ambavyo havikuwa vyangu. Nilifikia Buguruni kwa mjomba wangu, na asubuhi ya pili nikatembea hadi karakana ya serikali, upande wa Keko, nikiwa nimevaa shati jeupe kwa kuwa nilikuwa nimeajiriwa ukarani. Kabla ya saa nne shati lile lilikwisha kuwa kitambaa cha kufutia mafuta.

Aliyenipokea ni Bwana Kartar, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, mtahini wa mafundi. Kiswahili chake kilikuwa kama kazi yake, maneno machache na yote yamepigwa tupa. Hakuisoma barua ya mwalimu. Alibana kipande cha chuma kwenye jiliwa, akanipa tupa ya kusugulia chuma, akasema, "Sawazisha."

Nikamwambia kwa adabu, "Bwana, mimi ni karani."

"Najua. Sawazisha."

Nilisawazisha siku sita. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na chuma kikabaki na mgongo kama wa kobe. Siku ya saba alikitazama, akakitupa kwenye pipa la mabaki, akanifungulia daftari. "Sasa andika," akasema. "Ukiandika maksi sitini, ujue sitini inauma wapi." Tangu siku ile sikuwahi kuandika namba bila kuvitazama viganja vyangu kwanza. Wapo makarani waliofunzwa kwa njia fupi zaidi, na daftari zao zinajulikana.

Zamani ile mtihani haukuwa na kanuni. Msimamizi akimpenda mtu alimwita fundi, na msimamizi akihamishwa ufundi wake ulihama naye. Mtu alikuwa fundi wa kwanza Keko, akivuka kwenda karakana nyingine anaambiwa afagie. Baada ya vita ndipo kilipokuja kijitabu cha kanuni chenye jalada la kijani, pamoja na mkubwa mpya, Mista Whitlock, Mwingereza mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye alikisoma kijitabu kile jinsi watu wengine wanavyosoma barua za nyumbani.

Niwaeleze kanuni zilivyokuwa mwanzoni, kwa sababu ninyi mmezikuta zimebandikwa viraka. Mtahiniwa alipita sehemu nne: kazi ya mikono, kusoma mchoro, hesabu na maswali ya mdomo. Kila sehemu ilikuwa na maksi mia. Kupita kulitaka hamsini kila sehemu, isipokuwa kazi ya mikono iliyotaka sitini. Aliyepungukiwa maksi tano au chini ya hapo kwenye sehemu moja, lakini wastani wake ukiwa mzuri, alibebwa. Mafundi waliiita kanuni hiyo "mbeleko". Kazi ya mikono haikuwa na mbeleko. Aliyeanguka sehemu moja alirudia sehemu hiyo tu, mara moja tu, ndani ya mwaka, na akipita hakupewa zaidi ya Daraja la Pili hata kama amefanya maajabu. Akianguka tena, jina lake lilipigwa mstari mwekundu na halikuandikwa upya maisha yake yote. Wino mwekundu ulikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu. Chupa ile ilidumu miaka mingi, na ninajivunia hilo kuliko mengi niliyofanya.

Kanuni zina faida yake mnapokuwa na watu wa kila namna. Tulikuwa na mhunzi wa Temeke aliyepata tisini na moja kazi ya mikono na kumi na moja hesabu. Mista Whitlock alimwita amwulize kulikoni. Yule bwana akanyoosha mikono yake miwili, akasema, "Hesabu yangu yote iko hapa, Bwana Mkubwa. Kwenye karatasi haishuki." Mbeleko haikufika huko. Alirudia kabla ya mwaka kwisha, na mkewe, aliyekuwa akiuza vitumbua, alimfundisha mafungu ya namba kwa kuvikata vitumbua nusu, robo na thumni. Alipata hamsini na nne, na akanenepa.

Mwingine aliulizwa kwa mdomo, "Mkanda wa mashine ukianza kuteleza utafanya nini?"

"Nitamwita fundi."

"Lakini fundi ni wewe."

Akafikiri. "Basi nitakuja."

Bwana Kartar alitaka kumpa sufuri. Mista Whitlock alimpa nusu ya maksi, akisema mtu aliyekubali kuja ni bora kuliko wengi aliowahi kufanya nao kazi.

Sehemu iliyowatoa watu jasho ni kazi ya mikono. Kila mtahiniwa alipewa vipande viwili vya chuma kibichi, na kwa muda wa siku nne akitumia tupa tu, alichonga mraba kwenye kimoja na tundu la mraba kwenye kingine. Mafundi waliuita ule mraba "mwenyeji" na lile tundu "nyumba". Mwenyeji alipaswa kuingia nyumbani kwake kwa pande zote nne, ukimgeuza hivi na ukimgeuza vile, asikwame wala asicheze. Bwana Kartar alivinyanyua dirishani akafumba jicho moja. Uzi wa mwanga ukionekana pembeni, maksi zilitoka. Mwanga wa pande mbili, hapo hakukuwa na haja ya kuendelea kutazama.

Kazi ilikabidhiwa Jumamosi adhuhuri na kupimwa Jumatatu, kwa kuwa Bwana Kartar alisema jicho lililotazama chuma wiki nzima halina haki ya kuhukumu. Katikati ya siku hizo vipande vilikuwa mikononi mwangu. Nilivipiga namba kwa muhuri wa chuma, nikavifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa nisiviguse kwa mkono mtupu, nikavipaka grisi, nikavifunga kwenye karatasi ya nta, nikavifungia kabatini. Kijitabu kilisema mambo mawili hapo, na ninyi myajue. Kanuni ya tisa: kazi itapimwa kama ilivyokutwa. Kanuni ya kumi: mtahiniwa atakayeigusa kazi baada ya kuikabidhi atafutwa.

Sasa nimtaje Mwishehe. Alikuwa Mzaramo wa Temeke, mtu mfupi mwenye mabega mapana, mkereza chuma ambaye mashine yake ilikuwa ikiimba sauti moja asubuhi mpaka jioni. Alikuwa amewafundisha nusu ya wale waliokwisha kupata madaraja. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuanguka mara moja, kwenye kazi ya mikono, kwa sababu aliyezoea mashine huionea tupa uvivu. Na mwaka ule ilikuwa imetoka amri kwamba asiye na daraja asiguse mashine tena, awe msaidizi. Ile ilikuwa nafasi yake ya pili na ya mwisho, na karakana nzima ilijua.

Mimi ni Mnyamwezi na yeye ni Mzaramo, basi tulikuwa watani tangu kabla ya kuzaliwa. Vijana wa siku hizi mnautania utani wenyewe, lakini kwetu ulikuwa sheria. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kofia yako msumarini humwulizi. Akifiwa unakwenda kuwachekesha waliofiwa hata kama wewe mwenyewe unalia. Kila asubuhi Mwishehe alipita dirishani kwangu.

"Mnyamwezi! Mzigo uliutua wapi leo?"

"Nimeutua kwenu, mtani. Nimekuta watu wote wamekwenda ngomani, hata moto umeachwa jikoni."

"Afadhali sie tunacheza ngoma. Nyie mlitembea kwa miguu toka bara mpaka pwani, pembe ya ndovu kichwani, halafu mkarudi hukohuko. Hamkuiona hata bahari!"

"Tuliiona. Ilikuwa na Wazaramo ndani, tukaona imechafuka."

Mista Whitlock alidhani muda wote ule kwamba sisi ni maadui. Aliwahi kuniuliza kama ninataka yule fundi ahamishiwe kitengo kingine.

Jumamosi ile ya masika mvua ilinyesha tangu alfajiri na hewa ilikuwa nzito kama kanga iliyotoka kufuliwa. Mwishehe alikuwa wa mwisho kukabidhi. Kipande chake kilikuwa namba kumi na moja. Nilikitazama kabla sijakipokea, kwa kuwa Bwana Kartar alikuwa amenifundisha kutazama, nikaona kwamba safari hii mtani wangu hakuionea tupa uvivu. Mwenyeji aliingia nyumbani kwake kwa sauti ndogo ya pumzi, hewa ikitoka mbele yake. Nilimwona Mwishehe anaisikiliza ile sauti kama mtu anayesikiliza mtoto wake akisoma.

Nikapiga namba. Nikafuta kwa mafuta ya taa. Nilikuwa naliendea kopo la grisi aliponyoosha mkono na kukinyakua kipande kwenye meza yangu.

"Lete hapa! Mikono ya kubeba mizigo hiyo, utanichafulia kazi yangu."

"Kikichafuka, mtani, kitafanana na mwenyewe."

Alicheka, akakiinua juu dirishani, akakigeuza, akatia mwenyeji ndani mara moja zaidi ili asikie ile pumzi, akakirudisha mezani. Mimi nilicheka vilevile. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuhesabu ishirini. Nami nikakipaka grisi, nikakifunga, nikageuza ufunguo. Neno la kanuni ya kumi halikunipitia kichwani kabisa. Nilikuwa karani wa mitihani kwa miaka mingi kufikia hapo, na mtu mwingine yeyote angenyoosha mkono vile ningempiga rula vidoleni. Lakini aliyenyoosha ni mtani, na mtani hazuiwi.

Jumatatu Bwana Kartar alifungua namba moja mpaka kumi, vyote safi. Alipofungua kumi na moja akakisogeza dirishani. Chini ya grisi, kwenye nyuso zilezile zinazokutana, kulikuwa na alama tano nyekundu, alama za vidole, kila kimoja na mistari yake. Alimtia mwenyeji tunduni. Mwenyeji alikwenda theluthi ya njia akakwama.

"Mkono wa chumvi," akasema Bwana Kartar.

Alitueleza kwamba wapo watu ambao jasho lao hula chuma. Nyumbani kwao Punjabu wasimamizi waliwajua mafundi wa namna hiyo na hawakuwaruhusu kugusa kazi iliyokamilika. Si kosa, wala si ugonjwa. Ni kama mtu kuwa mrefu. Lakini alama zile zilikuwa chini ya grisi, yaani mtu alikigusa kipande kwa mkono mtupu kabla hakijapakwa. Ikiwa vidole ni vya mtu wa ofisi, kosa ni letu na mtahiniwa atapimwa upya. Ikiwa ni vya Mwishehe, basi alikabidhi kazi yenye jasho, na kanuni ya tisa inasema itapimwa kama ilivyokutwa. Kama ilivyokutwa, ilikuwa na maksi thelathini na tano.

Ndipo tukapanga ule mstari: Mista Whitlock, Bwana Kartar, mtunza stoo, tarishi, mimi, na Mwishehe aliyeitwa kutoka kwenye mashine yake akiwa bado na vumbi la chuma kwenye nyusi. Wazo lilikuwa la Bwana Kartar. Mista Whitlock alilipenda sana, akaandika majina yetu kwenye karatasi kama yuko maabara.

Mwishehe alipopita karibu nami hakusema neno la utani. Alinong'ona tu, "Usiseme. Watakufukuza."

Nami nilikuwa nimenyamaza kwa sababu yake. Nikisema kweli, kanuni ya kumi inamfuta. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa amefunga mdomo kumlinda mwenzake, na kipande kilikuwa kati yetu kikiendelea kuoza.

Jumatano tulifungua mabamba. La Mista Whitlock lilikuwa safi kama kioo. La Bwana Kartar safi. La mtunza stoo na la tarishi, safi. La Mwishehe lilikuwa na alama tano nyekundu. Na langu pia lilikuwa na alama tano, nyekundu zaidi.

"Hm," akasema Bwana Kartar, akanitazama viganja kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya malengelenge. "Miaka yote hii. Kumbe kwa sababu hii vyuma vyako vilikuwa vibaya."

Lakini Mista Whitlock hakucheka. Alisema kwa sauti yake ndogo kwamba jaribio halikuamua kitu. Watu wawili wana mkono wa chumvi, mmoja wao ni karani ambaye kazi yake ni kupaka grisi, mwingine ni mtahiniwa. Mistari ya vidole kufikia siku ile ilikuwa imekwisha kuliwa na kutu, haisomeki. Alisikitika, lakini pasipo ushahidi kwamba ofisi ilikosa, kanuni ya tisa inabaki. Akanyoosha mkono kwangu apewe chupa ya wino mwekundu.

Nilifungua mtoto wa meza. Nikaushika mfuniko. Nikafikiri kwamba Mwishehe akifutwa kwa kanuni ya kumi au akianguka kwa kanuni ya tisa, mstari ni uleule mwekundu, na tofauti iliyopo ni mimi tu kubaki na kazi yangu.

"Bwana Mkubwa," nikasema, "alikigusa Mwishehe. Baada ya kukabidhi. Mbele yangu."

Mwishehe alifumba macho. "Mtani, umeniua."

"Nani alimruhusu?" akauliza Mista Whitlock.

"Hakuna aliyemruhusu. Mimi sikumzuia."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Ni mtani wangu."

Alingoja niendelee. Kwa Mnyamwezi na Mzaramo maneno yalikuwa yamekwisha hapo. Kwa Mwingereza yalikuwa hayajaanza. Nikamweleza habari ya kofia, ya msiba, ya matusi ya asubuhi.

"Kwa hiyo nyinyi si maadui?"

"Hapana, Bwana Mkubwa."

"Akichukua baisikeli yako?"

"Nitakwenda kuchukua mbuzi wake."

"Na ukimshtaki?"

Mwishehe, ambaye alikuwa amekwisha kujiona mtu aliyepotea, alishindwa kuvumilia. "Anishtaki? Huyu? Hakimu atamuuliza kabila lake, halafu atamwambia atoke nje!"

Mista Whitlock alimgeukia Bwana Kartar kama mtu anayetafuta nguzo. Bwana Kartar alikuwa amekishika kipande kumi na moja. Alikuwa amechukua kitambaa chenye majivu laini na mafuta, na muda wote tuliokuwa tukizungumza alikuwa akisugua zile alama taratibu, bila kula chuma. Akamtia mwenyeji nyumbani kwake. Aliingia pande zote nne. Chumba kizima tuliisikia ile pumzi.

"Kanuni ya kumi," akasema Bwana Kartar, "imeandikwa kwa ajili ya nini?"

"Kuzuia mtu asiirekebishe kazi yake baada ya muda," akajibu Mista Whitlock.

"Huyu aliirekebisha?"

"Aliiharibu."

"Basi."

Mista Whitlock alikaa akakifungua kijitabu cha kijani kwenye ukurasa wa kwanza, akakisoma chote mpaka wa mwisho wakati sisi tumesimama. Hakukuwa na neno juu ya utani. Alisema kwamba hana mamlaka ya kuweka neno lisilokuwamo, wala hataki kumfuta mtu kwa neno lililoandikwa na watu wasiojua jambo hilo lipo. Atawaandikia wakubwa wa idara kuuliza. Wakati jibu linangojewa, Mwishehe atafanya kazi ya mikono upya, siku nne, mbele ya Bwana Kartar, na karani atakaa umbali wa hatua kumi.

Nilikaa hatua kumi. Nilizipima mwenyewe. Bwana Kartar aliweka ndoo ya maji ya magadi pembeni ya jiliwa, na kila baada ya muda Mwishehe alichovya mikono, akaifuta kwa kitambaa kikavu, akajipaka chaki, akarudi kwenye tupa. Ameendelea kufanya hivyo mpaka leo, na mafundi aliowafundisha wanafanya hivyo hata wale wenye mikono mitamu, wakidhani ni sehemu ya ufundi. Siku ya pili alinipigia kelele kutoka kule mezani, "Mnyamwezi! Umbali huo hujauzoea? Si ndio nyie mnaofuata nyuma ya msafara?" Nikajua kwamba nimesamehewa.

Mtahini alimpa sabini na nane. Mista Whitlock alipima mwenyewe, akampa sabini na saba. Wastani ulikuwa na nusu, na nusu hupanda juu, kwa hiyo niliandika sabini na nane, na kabla ya kuandika nilivitazama viganja vyangu.

Mimi nilipewa barua ya onyo, ambayo niliistahili. Kabati likapata sahani ya bati yenye mpini ili mtu asiguse kazi kwa mkono, na hiyo ndiyo asili ya ile sahani mnayoilalamikia kwamba inawachelewesha. Isikilizeni ikigonga, na mchelewe.

Mwishehe alipewa cheti cha Daraja la Pili. Lakini kwa kuwa jibu la wakubwa lilikuwa halijafika, Mista Whitlock, mtu wa kanuni, hakuweza kukipiga muhuri kamili. Aliandika chini kwa mkono wake: cha muda, kusubiri maelekezo. Mwishehe akarudi kwenye mashine yake kesho yake asubuhi.

Baada ya miezi mitatu tuliandika barua ya kukumbusha. Baada ya mwaka tukaandika nyingine. Bwana Kartar alistaafu akarudi kwao, na kwenye barua yake ya kwanza aliuliza habari ya jibu kabla ya kuuliza habari zetu. Mista Whitlock alihamishwa, akamwachia mkubwa aliyefuata jalada lenye barua hizo likiwa juu ya mengine yote. Yule naye aliandika. Mara moja wakubwa walijibu, wakitaka kufahamishwa utani una maana gani, na kama una mahali pa kuandikwa kwenye fomu. Tukawaeleza kwa kurasa nne. Mwishehe alizisoma kabla hazijaenda, akasema tumewapendelea Wanyamwezi.

Wiki niliyoondoka kazini nililipeleka jalada kwa karani mpya, nikamwonyesha mahali pa kuandikia tarehe ya jibu. Pako wazi. Mwishehe bado yuko kwenye mashine yake, cheti chake kimebandikwa ukutani nyuma yake, na maneno yale ya Mista Whitlock yameanza kufifia kwa jua la dirishani.